Kutengeneza ufunguo wa pili wa gari yenye chipu, hatua kwa hatua

Gari nyingi zinazoshuka bandarini Dar na Mombasa kutoka Japani zinakuja na ufunguo mmoja tu. Tunaendesha hivo hivo miaka, ufunguo unapita kwa dereva, kwa muosha magari, kwa shemeji anayeazima Jumapili, na hakuna anayewaza kitu mpaka siku unapotea. Siku hiyo ndo unaambiwa fundi wa kuchonga pale kona hawezi kukusaidia maana ufunguo una chipu, na gari imekwama mbele ya nyumba ya watu inasubiri kuvutwa.

Kwa hiyo spea tengeneza sasa hivi, wakati ule mmoja bado unafanya kazi. Ukiwa na ufunguo mzima mkononi kazi inaisha umekaa pale pale unasubiri, na kwa chipu nyingine gari haiguswi kabisa. Ukiwa huna hata mmoja kazi ile ile inageuka kuwa ya kufungua dashibodi, kutoa control box, yaani kompyuta ya gari, kusoma kumbukumbu yake mezani, na bei inapanda vibaya.

Kabla ya hatua zenyewe elewa kinachotokea ukiingiza ufunguo, itakusaidia usidanganywe. Ndani ya kichwa cha plastiki mna chipu ndogo isiyo na betri. Upande wa gari, kuizunguka swichi ya ufunguo, kuna koili ya waya inayorusha mawimbi ya kilohezi 125 au 134 hivi. Mawimbi hayo ndo yanaipa chipu umeme wa kuamka, inajibu kwa namba yake, na kwa chipu zenye siri gari inauliza swali jipya kila mara na chipu inatakiwa itoe jibu sahihi kwa kutumia siri waliyopeana siku ya kusajiliwa. Jibu likikubalika, control box inaruhusu mafuta na moto wa plagi. Likikataliwa, stata inaweza kuzungusha vizuri tu lakini injini haishiki, au inashika sekunde moja mbili halafu inazima. Ndo maana ufunguo uliochongwa bila chipu unafungua milango yote, unazunguka kwenye swichi bila shida, na gari haiwaki. Mfumo huo wote ndo unaitwa imobilaiza.

Hatua ya kwanza: hakikisha kama gari yako ina chipu kweli

Usiruke hapa. Japani haikulazimisha imobilaiza kwenye kila gari kama Ulaya walivyofanya miaka ya 90, kwa hiyo gari mbili za jina moja na mwaka mmoja, moja inaweza kuwa na chipu na nyingine haina. Probox nyingi na Vitz za kawaida zimekuja na ufunguo wa kawaida tu. Ukilipia chipu kwenye gari isiyo na imobilaiza umetupa hela.

Angalia dashibodi, tafuta taa nyekundu yenye picha ya gari na ufunguo au kufuli. Kwenye gari yenye imobilaiza mara nyingi taa hiyo inapepesa ukiwa umeegesha, na ukiingiza ufunguo inazima, maana yake chipu imesomwa. Ila kuwa makini, gari nyingi za huku zimefungwa alamu baadaye na hizo nazo zina kitaa chake chekundu kinachopepesa, mara nyingi kimetobolewa pembeni ya redio au kwenye nguzo ya kioo. Hicho hakihusiani na chipu.

Kipimo kizuri zaidi unafanya mwenyewe. Chukua foili ya jikoni, zungushia kichwa cha plastiki cha ufunguo mara kadhaa, kaza vizuri, acha chuma peke yake nje, kisha jaribu kuwasha. Ikigoma, na ukitoa foili inawaka, una chipu. Ikiwaka na foili yake fanya tena kwa kukaza zaidi, ikiwaka tena basi karibu hakika haina. Kipimo hiki ni cha ufunguo wa kuingiza, sio wa kubonyeza kitufe.

Hatua ya pili: jua ufunguo wako una vitu vingapi

Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Ufunguo mmoja unaweza kuwa na vitu vitatu ambavyo havitegemeani. Kuna chuma, ambacho kinafungua mlango na kuzungusha swichi. Kuna remoti, yaani vitufe vya kufunga na kufungua milango, hiyo ina betri yake, mara nyingi CR2016, CR1632 au CR2032. Halafu kuna chipu. Remoti ikifa betri gari bado inawaka. Chipu ikidondoka, remoti itafungua milango vizuri kabisa na gari haitawaka.

Fungua ufunguo wako mezani taratibu, kwenye mwanga, tandika kitambaa cheupe chini. Ukishatenganisha kava utaona bodi ya remoti, kijani au nyeusi, na pembeni yake, mara nyingi karibu na chuma kinapoingilia, kuna kitundu kidogo chenye kijiwe cheusi mfano wa punje ya mchele iliyonenepa. Kwenye funguo nyingine sio kijiwe ni kidonge cha kioo chenye waya mwembamba wa shaba ndani. Hiyo ndo chipu. Haina waya wowote unaoiunganisha na bodi, imekaa tu pale, na kwenye kava la zamani gundi imeshaisha nguvu kwa hiyo inaanguka bila hata kusikika. Kesi za watu walionunua kava jipya la ufunguo wa kukunja, wakahamisha bodi na chuma, kava la zamani likaenda na takataka, kisha gari ikagoma kuwaka, ni nyingi mno. Ukibadilisha kava, kitu cha kwanza kuhamisha ni kile kijiwe. Kwa remoti nyingine chipu imechomelewa kwenye bodi yenyewe, hapo ukihamisha bodi umehamisha vyote, na usiiguse.

Kama una Toyota angalia chuma cha ufunguo karibu na kichwa. Kwa matoleo mengi nukta iliyopigwa pale ni dalili ya chipu ya familia ya 4D, herufi G ni chipu ya G, herufi H ni ya H, na isiyo na alama yoyote ama ni 4C ya zamani ama haina chipu. Usitegemee alama peke yake, fundi mwenye mashine ataweka ufunguo kwenye kitundu cha mashine na kioo kitamwambia ni chipu gani ndani ya sekunde chache. Kupima hivyo ni jambo dogo, mwambie akupimie kabla hamjaongea bei.

Jambo lingine la Toyota za zamani: kuna ufunguo masta, kichwa cheusi, na kuna ufunguo mdogo wa kumwachia mtu aegeshe, kichwa cha kijivu. Huo wa kijivu unawasha gari ila hauwezi kusajili ufunguo mwingine. Ukinunua gari ukapewa wa kijivu peke yake, ulizia masta upo wapi kabla hujamaliza kulipa.

Hatua ya tatu: tafuta namba ya ufunguo

Funguo mpya za kiwandani huja na kibati kidogo au kiplastiki chenye namba iliyochapwa, mara nyingi kimefungwa pamoja na ufunguo. Watu wanakitoa wanatupa wakidhani ni lebo ya duka. Hiyo namba ndo ramani ya meno ya ufunguo wako, mashine ya kisasa ya kuchonga inaweza kuchonga chuma kipya kama kilivyotoka kiwandani kwa kuingiza namba hiyo tu, bila kuona ufunguo wa zamani. Ukikipata piga picha, kihifadhi nyumbani, kisikae ndani ya gari wala kwenye mnyororo wa ufunguo maana atakayekiokota anaweza kuchonga ufunguo wa mlango wako.

Hatua ya nne: kukopi au kusajili

Kuna njia mbili za kupata chipu ya pili na kila fundi atakuvutia kwenye ile anayoiweza, kwa hiyo zijue.

Kukopi ni kuchukua namba na siri ya chipu yako na kuziandika kwenye chipu nyingine inayoandikika. Gari haijui kama kuna funguo mbili, inaona ni ule ule. Faida yake gari haihitajiki kabisa au inahitajika dakika chache tu, na hakuna anayegusa kompyuta ya gari. Chipu kama 4C, 4D za kwanza na 46 zinakopika kwa mashine ndogo za mkononi za Xhorse au KEYDIY ambazo mafundi wengi wa huku wanazo. 4D inakopika kwa sababu siri yake ni ya biti 40 tu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA walionyesha mwaka 2005 kwamba inaweza kuvunjwa. Baadaye nyingine zikafuata, 46 mwaka 2012, na 2020 watafiti wa Leuven na Birmingham wakaonyesha udhaifu kwenye ile ya biti 80 iliyotumika kwenye baadhi ya Toyota, Kia na Hyundai.

Kusajili ni kuiambia gari ikubali chipu mpya yenye namba yake yenyewe. Fundi anachomeka mashine kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari kwa kompyuta, chini ya usukani, anaingia kwenye imobilaiza, anaongeza ufunguo. Kwa gari nyingine anahitaji namba ya siri ya gari, Nissan kwa mfano inadai PIN ambayo mashine inaikokotoa kutoka kwenye namba ya BCM, yaani kompyuta inayosimamia milango, taa na vitu kama hivyo. Mimi napendelea kusajili pale inapowezekana, kwa sababu ufunguo ukipotea unaweza kufutwa peke yake na ule mwingine ukabaki. Kwa kopi huwezi, ukifuta kopi umefuta na orijino.

Ila kwa Nissan kumbuka kubeba kila ufunguo ulionao. Zoezi la kusajili kwenye Nissan nyingi linaanza upya, ufunguo usiokuwepo pale wakati wa zoezi unabaki nje, utarudi nyumbani ukute ule wa mkeo hauwashi tena.

Hatua ya tano: chagua fundi

Nairobi watu wanakimbilia Kirinyaga Road, Dar wanakwenda Kariakoo, na kila mji una mafundi wake. Sehemu sio tatizo. Muulize maswali haya kabla hujampa ufunguo: chipu yangu ni aina gani, unakopi au unasajili, ukisajili funguo zangu zingine zitabaki, remoti imo kwenye hiyo bei au ni chuma na chipu tu, na ikigoma nalipa nini. Fundi anayeijua kazi anajibu haraka bila kukasirika. Mwingine anakwambia we leta tu, huyo mpite.

Beba kadi ya gari, Kenya logbook, na kitambulisho chako. Fundi makini ataviomba. Asiyeuliza karatasi yoyote mkimbie, maana kama hakukuuliza wewe hatamuuliza na mwizi atakayekuja na ufunguo wako.

Na usiache ufunguo ukaenda kunywa chai. Kusoma chipu ni sekunde, kupiga picha ya meno ni sekunde, na vyote viwili vikiwa kwa mtu mwingine ufunguo wa tatu unatengenezwa bila wewe kujua. Mafundi wengi ni watu waaminifu wanaoishi kwa jina lao, lakini huna sababu ya kutokuwepo. Kaa pale, angalia, uliza.

Hatua ya sita: ufunguo mpya uwe sahihi

Ukinunua mwenyewe mtandaoni hapa ndo hela inapotea. Remoti za gari za Japani nyingi zinatumia mawimbi ya megahezi 312 hadi 315, za Ulaya ni 433. Kava linafanana kabisa, vitufe vinafanana, na haitakubali. Kwa smart key ya Toyota, yaani ufunguo wa gari ya kuwasha kwa kitufe, fungua ya kwako uangalie namba iliyoandikwa kwenye bodi, ziko kwa mtindo wa 271451-0500, na unayonunua iwe na namba ile ile. Smart key ya Toyota iliyotolewa kwenye gari nyingine imeshajifunga na gari hiyo, lazima ifunguliwe kwa mashine kwanza ndo iweze kusajiliwa kwako, kwa hiyo ukinunua iliyotumika muulize muuzaji kama imeshafunguliwa.

Hatua ya saba: kuchonga chuma

Kama ufunguo wako umetumika miaka kumi na tano meno yake yamelika. Mashine ya kawaida ya kuchonga inafuata meno yalivyo sasa, na ulikaji unaingia kwenye kopi, halafu mashine nayo inaongeza kosa lake dogo. Matokeo yake kopi inakwama kwenye mlango wa abiria, au inazunguka kwenye swichi mpaka uitingishe. Ndo thamani ya ile namba ya hatua ya tatu. Kama huna, fundi mwenye mashine ya kompyuta anaweza kupima urefu wa kila jino, akalisogeza kwenye kipimo cha kiwandani kilicho karibu nalo, na kuchonga upya. Mwombe afanye hivyo, asikopi tu. Na usichonge kopi kutoka kwenye kopi kama orijino bado ipo.

Hatua ya nane: siku ya kusajili

Betri ya gari iwe na nguvu. Hili sio jambo dogo, umeme ukishuka katikati ya kuandika kwenye control box unaweza kuondoka na gari isiyowaka kabisa. Zima redio, taa, AC, feni, fungua dirisha moja la dereva ili gari isijifunge mkiwa nje. Kama betri imechoka fundi aunganishe chaja au betri ya pili kabla hajaanza. Mashine ikiwa inaandika usiguse swichi wala mlango mpaka aseme.

Baadhi ya gari unaweza kusajili bila mashine. Toyota za zamani zenye 4C zina utaratibu wa kukanyaga pedali ya mafuta na breki mara kadhaa ukiwa na masta, na baadhi ya Ford ukiwa na funguo mbili zinazofanya kazi unaongeza wa tatu mwenyewe. Soma kitabu cha gari yako hasa, sio cha toleo lingine, maana utaratibu unatofautiana.

Hatua ya tisa: kujaribu

Kabla hujalipa ya mwisho jaribu hivi. Ufunguo wa zamani mpe mtu asimame nao mbali na gari. Ukiwa umeshika zote mbili mkono mmoja, au zimefungwa pamoja, koili inaweza kusoma chipu ya zamani na wewe ukaamini mpya inafanya kazi. Kisha fungua kila mlango kwa chuma, na buti, washa gari, iache iungurume dakika kadhaa, zima, toa ufunguo, subiri taa nyekundu ianze kupepesa, washa tena. Rudia mpaka uridhike. Na kwa sababu hiyo hiyo usitembee na funguo mbili zenye chipu kwenye mnyororo mmoja, zinaweza kuingiliana na gari ikagoma kuwaka.

Ukiwa na smart key

Hapa hakuna kuingiza kitu, unabonyeza kitufe. Betri yake ikifa usipaniki, ndani kuna kichuma cha kufungulia mlango wa dereva, unakivuta pembeni. Ukishaingia kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, ukisikia mlio bonyeza kitufe. Ndivyo Toyota nyingi zilivyo, na Nissan nyingine zina kitundu cha kuchomekea. Chipu isiyohitaji betri ipo mle ndani pia, ndo inayosomwa hapo.

Ukiwa umepoteza zote

Kachukue loss report polisi, au abstract kwa Kenya, kisha tafuta fundi anayekuja gari ilipo. Atachonga chuma kutoka kwenye namba au kitasa cha mlango, halafu aingie kwenye imobilaiza. Kwa baadhi ya Toyota mashine inafuta kila kitu na kusubiri kama dakika 16 kabla ya kukubali funguo mpya, kwa zingine anatoa control box na kusoma kumbukumbu yake mezani. Agiza mbili hapo hapo, ya pili inaongeza hela kidogo sana kwenye kazi ambayo tayari umeilipia.

Utaambiwa pia njia ya mkato: kuiua imobilaiza kabisa, au kubandika chipu kwa gundi pembeni ya koili ndani ya kava la usukani ili ufunguo wowote wa chuma uwashe. Kataa. Angalia kilichotokea Marekani, Kia na Hyundai nyingi za 2011 hadi 2021 ziliuzwa bila imobilaiza. Mwaka 2015 ilikuwa ya kawaida kwenye asilimia 26 tu ya matoleo yao wakati kampuni nyingine ilikuwa asilimia 96. Vijana walipogundua wakazing'oa swichi na kuziwasha kwa ncha ya waya wa USB, zikaibiwa kwa maelfu. Ukibandika chipu kwenye usukani umeiweka gari yako kwenye hali ile ile, na utakayemuuzia hutamwambia.

Mwisho kabisa, kama ulipoteza ufunguo au umenunua gari kwa mtu, mwambie fundi asome kwenye mashine ni funguo ngapi zimesajiliwa. Ikisoma tatu na wewe unazo mbili, kuna mmoja uko mahali usipopajua, afute huo na asajili zako mbele ya macho yako. Kama ya kwako ilikuwa kopi na mojawapo imepotea, inabidi chipu zote mbili ziwekwe mpya, za kusajiliwa, ndo za zamani zifutwe.